Usinunue Sensa Kabla ya Kupima

Kijiko kimesimama. Monita inaonyesha CA144, opareta ameshuka, malori ya kifusi yamepanga foleni, na fundi keshampigia simu mtu wa duka Dar es Salaam: “Nitafutie sensa ya joto ya PC200, leo leo!” Wenzangu mtakaopangiwa field Pemba, tukio la namna hii mtalikuta. Sensa itapanda chombo, itashuka Mkoani baada ya siku kadhaa, itafungwa, na msimbo utabaki pale pale. Pesa imekwenda, siku zimekwenda, na vibarua wanaolipwa kwa kutwa wamekaa chini ya mwembe hawana cha kupeleka nyumbani.

Kosa hapo ni kuusoma msimbo kama jina la kifaa kilichokufa. Msimbo unataja mzunguko mzima: sensa, konekta, waya na kompyuta ya injini. Kazi ya kujua ni kipi kati ya hivyo kimeharibika ni yako.

Eskaveta zilizotumika kama Komatsu PC200-8, Hitachi ZX200-3 na Caterpillar 320D zina injini ambazo upigaji wa dizeli unaongozwa na kompyuta. Kompyuta hiyo haina macho wala mkono wa kugusa rejeta. Inachokijua ni volti tu. Sensa ya joto la maji ni kifaa chenye ukinzani unaoshuka kadiri joto linavyopanda. Kwenye sensa nyingi za aina hii, ukinzani ni kama omu 2,500 maji yakiwa nyuzi 20, na kama omu 300 yakifika nyuzi 80. Kompyuta hupeleka volti 5 kupitia ukinzani wake wa ndani, kisha hupima volti iliyopo kwenye waya wa sensa. Maji ya baridi, volti juu. Maji ya moto, volti chini.

Sasa rudi kwenye CA144. Maana yake ni kwamba volti ya mzunguko wa joto la maji imepanda kupita kiwango. Waya uliokatika utatoa msimbo huo. Pini iliyorudi nyuma itautoa. Konekta iliyochomoka itautoa, na sensa iliyokufa nayo vile vile. CA145 ni kinyume chake: volti imeshuka mno, mara nyingi kwa sababu waya umechunika na kugusa bodi. Mitambo inayotumia mfumo wa J1939 husema hayo hayo kwa namba nyengine: SPN 110 ni joto la maji, FMI 3 ni volti kupanda, FMI 4 ni volti kushuka.

Kipimo chenyewe hakichukui hata nusu saa. Zima injini, chomoa konekta ya sensa, kisha washa swichi bila ya kupiga stata. Weka mita kwenye pini mbili za upande wa waya. Ukipata karibu volti 5, njia iko hai. Zima swichi, unganisha pini hizo mbili kwa kipande cha waya mwembamba, washa tena. Msimbo ukigeuka kutoka CA144 kuwa CA145, kompyuta na waya ni wazima. Hapo una haki ya kuishuku sensa au pini zake. Usipogeuka, hata ukifunga sensa kumi mpya hazitasaidia. Fuata waya, anza pale unapopita karibu na chuma kinachotikisika, na pale mwenye mtambo wa zamani alipofunga tepu.

Tahadhari: kuunganisha pini ni kwa sensa ya waya mbili tu. Sensa ya mgandamizo ina waya tatu, na ukigusanisha volti 5 na ethi unaweza kuzima sensa nyengine zinazotumia njia hiyo hiyo, au kuiumiza kompyuta.

Kuna hatari moja ambayo haitoi msimbo hata kidogo, na kwa kisiwa kama chetu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Hewa ya chumvi na mvua za masika huingia kwenye konekta na kuacha kutu ya kijani kwenye pini. Tuseme kutu hiyo imeongeza ukinzani wa omu 2,200. Maji yako nyuzi 80, sensa inasema 300, lakini kompyuta inapokea jumla ya 2,500. Inaamini injini ina nyuzi 20! Hakuna taa, hakuna msimbo, maana 2,500 ni jibu la kawaida kabisa. Injini itachemka huku monita ikionyesha baridi. Kwa hiyo asubuhi kabla ya kuwasha, linganisha joto la monita na joto la hewa. Mtambo ukiwa umelala usiku kucha, viwili hivyo visiachane sana. Ukishafanya kazi, mshale uliokwama chini si wa kuuamini.

Kosa la pili ni kusema “ni sensa tu” wakati sensa inasema kweli. Taa ya mgandamizo wa oili ikiwaka, zima injini kwanza. Pima kiwango cha oili, kisha fungua sensa, funga geji ya mkono mahali pake, washa kwa muda mfupi usome. Geji ikikubaliana na monita, tatizo liko kwenye pampu, chujio au beringi. Aliyechomoa konekta ili taa isimsumbue atailipia injini nzima.

Basi andikeni kwenye daftari la field: tazama konekta, pima volti, pima waya, linganisha na kipimo cha mkono, na mwisho kabisa ndipo upige simu dukani. Mita ya bei nafuu mfukoni mwa mwanafunzi anayejua anachokitafuta inaweza kuwarudisha kazini vibarua wale wa chini ya mwembe siku hiyo hiyo.