GITAA MOJA, KRISMASI NZIMA

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Leo nataka niwaonyeshe vile methali hiyo inavyohusu gitaa kavu, yaani lile lisilotumia umeme, hasa wakati wa Krismasi.

Nyumbani kwetu, kila Krismasi babu alikuwa akipiga gitaa peke yake nasi tukiimba. Mwaka jana alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukakosa nguvu. Gitaa likatundikwa ukutani. Desemba ilipokaribia nikamwambia, "Babu, nifundishe." Akanijibu, "Mkono ni mmoja, mjukuu wangu, nitakufundishaje?" Basi tukapata hila. Niliketi kuliani kwake, yeye akabana nyuzi kwa mkono wa kushoto, mimi nikazikwanyua kwa mkono wangu wa kulia. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Wimbo wenyewe
Tulichagua Usiku Mtakatifu. Kumbe wimbo huu ulizaliwa na gitaa! Kasisi Joseph Mohr wa Austria alitunga maneno yake kwa Kijerumani mwaka 1816. Tarehe 24 Desemba 1818, katika kijiji cha Oberndorf, alimwomba mwalimu Franz Xaver Gruber atunge sauti ya waimbaji wawili na gitaa. Usiku uo huo wakauimba, Mohr mwenyewe akipiga gitaa. Kuna hadithi eti panya walikuwa wametafuna kinanda cha kanisa, lakini Gruber alipoandika habari za wimbo huo mwaka 1854 hakutaja panya yeyote.

2. Kazi ya gumba
Gitaa lina nyuzi sita. Ule mwembamba ndio wa kwanza, ule mnene ndio wa sita. Wimbo huu unahitaji mishiko mitatu tu: G, C na D7. Gumba ndilo ngoma. Ukishika G, gumba likwanyue uzi wa sita. Ukishika C, uzi wa tano. Ukishika D7, uzi wa nne. Hesabu moja, mbili, tatu. Gumba lilie kwenye moja, kisha kidole cha shahada na cha kati vikwanyue uzi wa tatu na wa pili kwenye mbili na tatu. Usiende mbio! Mimi nilifanya hivyo wiki nzima mpaka vidole vikawasha.

3. Kazi ya vidole vingine
Sasa gitaa liimbe. Wimbo unaanza so, la, so, mi. Ukiwa kwenye G, so iko uzi wa pili, nafasi ya tatu ya shingo. La ni uzi wa kwanza bila kuubana. Mi ni uzi wa pili bila kuubana. Gumba lisinyamaze vidole vinapoimba. Hapo ndipo mtu mmoja husikika kama watu wawili.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Marehemu George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliuvumisha Magharibi mwa Kenya kwa mtindo wa omutibo, gumba na kidole cha shahada vikijibizana, huku mwenzake akikwaruza chupa ya soda. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunajua kufungulia redio tu, na wazee wenye ufundi huo wanazidi kupungua.

Usiku wa tarehe 24 nililishika gitaa peke yangu, mikono yote miwili. Nilikosea mara mbili, manake kutoka G kwenda C bado kunanitatiza. Watu waliendelea kuimba. Babu hakuimba, lakini nilipomtazama niliona vidole vya mkono wake wa kushoto vikibana nyuzi juu ya goti lake, na hapo nilipokosea, yeye hakukosea.

Wenzangu, kama kwenu kuna gitaa limetundikwa ukutani, litundueni. Na kama mwenyewe angali hai, mwulizeni leo, msingoje likizo.

Zoezi: Piga gumba peke yake kwa siku tatu kabla ya kuongeza vidole. Haba na haba hujaza kibaba. Krismasi njema!