Mfinyanzi Hulia Gaeni: Uchovu Sugu wa Kazi kwa Fundi Aliyejiajiri

Wiki mbili kabla ya Idi au Krismasi, taa za vyumba vya ushonaji huwaka hadi usiku wa manane. Fundi mbunifu wa mavazi aliyejiajiri hupokea oda asubuhi, hukata vitambaa mchana, hujibu simu za wateja jioni na kushona usiku. Sikukuu ikipita, hutarajia kupumzika siku chache na kurejewa na nguvu. Kwa baadhi ya mafundi, nguvu hizo hazirudi. Fundi huamka akiwa amechoka kama alivyolala, sauti ya mteja humkera, na mshono aliozoea kuubuni kwa dakika chache haumjii kwa siku nzima.

Maana yake

Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliieleza hali hii mwaka 1974, baada ya kuiona kwa wahudumu wa kliniki ya bure jijini New York, naye mwenyewe akiwa mmoja wa walioathirika. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linaitaja kuwa ni hali itokanayo na kazi, wala si ugonjwa. Chanzo chake ni msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa ipasavyo. Sifa zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi.

Kwa nini aliyejiajiri?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nchini Tanzania inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Msaidizi aliyeajiriwa na fundi analindwa na sheria hiyo. Fundi mwenyewe hana wa kumlinda, kwa kuwa yeye ndiye mwajiri na ndiye mwajiriwa. Ndipo maana ya methali ya mfinyanzi inapodhihirika: anayewafinyangia wengine vyungu vizima, yeye hula kwenye kigae.

Lipo pia jambo la fedha. Mara nyingi arbuni ya mteja mpya hutumika kununulia kitambaa na uzi wa nguo ya mteja wa zamani. Kwa utaratibu huo fundi hawezi kukataa oda, maana akikataa, kazi aliyokwisha kuahidi nayo hukwama. Hii ndiyo sababu mapumziko peke yake hayatoshi: akirudi, hukuta mzigo uleule ukimsubiri.

Hatua za kuchukua

Kwanza, fundi ahesabu uwezo wake. Tuseme anafanya kazi saa 45 kwa wiki, na theluthi yake, yaani saa 15, huishia katika kuchukua vipimo, kununua vifaa na kuzungumza na wateja. Zinabaki saa 30 za kukata na kushona. Ikiwa gauni moja huchukua saa sita, uwezo wake ni magauni matano kwa wiki. La sita litashonwa kwa saa za usingizi. Oda inayozidi ipangiwe wiki inayofuata, na mteja aelezwe tarehe ya kweli siku ileile anapoleta kitambaa.

Pili, arbuni ya kila oda itengwe kwa ajili ya oda hiyo, ili kazi mpya isigeuke kuwa deni la kazi ya zamani. Tatu, simu za wateja zipangiwe saa maalumu, na siku moja ya wiki iachwe bila kazi. Nne, usingizi usipungue saa saba. Kahawa na chai kali zisinywewe jioni, kwani huchelewesha usingizi bila kuondoa uchovu wenyewe.

Wakati wa kumwona daktari

Si kila uchovu hutokana na kazi. Upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu na hitilafu za tezi ya thairoidi huweza kuanza kwa dalili hiyohiyo, na vipimo vya hospitali hubainisha tofauti. Ipo pia sonona. Uchovu wa kazi hufungamana na kazi. Sonona humfuata mtu hata nje ya kazi, akakosa furaha na watoto wake, katika ibada na miongoni mwa marafiki. Huzuni au kukosa hamu ya mambo kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, mtu huyo amwone mhudumu wa afya. Akipata mawazo ya kujiua, afikishwe hospitalini siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake.

Fundi anayempa msaidizi wake siku ya mapumziko hamdhani kuwa mvivu. Anajua kwamba mkono uliochoka hukata kitambaa vibaya, na kitambaa kikishakatwa hakirudi. Kipimo hicho anachomtumia msaidizi ndicho anachopaswa kukitumia kwa nafsi yake.