Nani Aliyenipa Macho Haya?

Mshauri wa familia anamjibu kijana wa miaka 19, aliyezaliwa London kwa wazazi wa Mombasa.

SWALI: Shikamoo, Mama. Mwezi uliopita mama yangu alinieleza kwamba nilitungwa kwa mbegu za mtu mwingine. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia kwa mama yako. Muulize kliniki ilikuwa ipi na matibabu yalifanyika mwaka gani. Kama ni kliniki ya Uingereza yenye leseni, taarifa zako zimo kwenye rejista ya HFEA, mamlaka inayosimamia matibabu ya uzazi, iliyoanza kuweka taarifa kama hizo tarehe 1 Agosti 1991. Kama walikwenda Hispania, hutazikuta humo, na sheria ya huko humficha mtoa mbegu.

SWALI: Nitaambiwa nini?

JIBU: Anayetoa mbegu Uingereza tangu 1 Aprili 2005 hufanya hivyo akijua kwamba mtoto akifikisha miaka 18 anaweza kupewa jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na anwani yake ya mwisho inayojulikana. Watoto wa kwanza wa sheria hiyo walifikia umri huo mwishoni mwa 2023, kwa hiyo huenda wewe ni miongoni mwa wanaofungua mlango huu. Waliotungwa kwa mbegu zilizotolewa kabla ya 1 Aprili 2005 hupata maelezo yasiyomtambulisha, kama vile urefu na rangi ya macho, isipokuwa mtoaji mwenyewe akubali kujulikana.

SWALI: Rafiki zangu wanasema ninunue kipimo cha DNA, ni haraka zaidi.

JIBU: Ni haraka, lakini usikikimbilie. Unatema mate kwenye kichupa, kampuni inayalinganisha na ya wateja wake wote. Mtoa mbegu si lazima awe amepima. Binamu yake mmoja anatosha kukufikisha kwake. Hatari iko hapo hapo: binamu huyo pengine hajui lolote, na habari inamwangukia akiwa na simu mkononi. Tena namba za matokeo ya kipimo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ndugu mnayechangia mzazi mmoja mnalingana kwa takriban asilimia 25, na shangazi au babu vilevile, hivyo tazama umri kabla hujamwita mtu kaka. Zile asilimia za asili, eti sehemu kadhaa Afrika Mashariki, ni makadirio tu.

SWALI: Baba hazungumzi nami tangu siku ile. Ninamsaliti?

JIBU: Hapana, mwanangu, na nakuomba usilibebe hilo. Kwetu pwani mtu hujulikana kwa bin fulani, na masheikh wengi wa Kisunni hukataza mbegu ya mtu wa tatu kwa sababu hiyohiyo ya nasaba. Baba yako ameishi miaka 19 na siri aliyoogopa majirani waijue, na huenda anaogopa zaidi kwamba sasa utamwona mgeni. Mume aliyekubali matibabu ya mkewe katika kliniki yenye leseni ndiye baba kwa sheria ya Uingereza. Mtoa mbegu hana haki wala wajibu juu yako. Mwambie hivyo kwa mdomo wako, mkiwa wawili, kabla hujatuma fomu yoyote ya maombi kwa HFEA. Mwambie pia unachotafuta. Wengi wanataka kujua tu kama kuna kisukari au saratani upande ule, au kuona uso unaofanana na wao. Nimeona wazazi wakilainika wakisikia hilo.

SWALI: Nikipata jina, nimwandikie nini?

JIBU: Barua fupi. Jina lako la kwanza, mwaka uliozaliwa, na jambo moja au mawili unayotaka kujua. Usimwite baba, usiombe kuonana. Anaweza kuwa na mke na watoto wasiojua, na ana haki ya kutojibu. Akinyamaza, HFEA ina huduma ya kuwaunganisha ndugu wa mtoaji mmoja waliokubali wenyewe kujulikana, na kliniki za Uingereza huruhusiwa kutumia mbegu za mtu mmoja kwa familia zisizozidi 10. Huenda mmoja wao ameshajiandikisha, anakusubiri.