SOMO LA WIKI: MABAHARIA WASIPOBAKI
Andiko: Matendo ya Mitume 27:13–44

Soma sura hii ukiwa na biro mkononi, maana Luka anaisimulia tufani kama mtu aliyekuwamo chomboni.

Wao walianza na upepo mpole wa kusi. Sisi huku kusi ya Juni na Julai ndiyo huwafunga wavuvi pwani. Ikikukuta katikati ya bahari na jahazi, unalegeza demani, unatua foromali na tanga lake kubwa, kisha unatweka tanga dogo. Wengine wako ngamani wanafua maji. Ikizidi, shehena inatoswa, hata kama ni ya tajiri.

Sasa angalia merikebu ya Paulo, watu 276. Wanapandisha mashua. Wanazungushia chombo kamba ili mbao zisiachane. Wanatosa shehena, kesho yake na vyombo vya merikebu. Usiku wa 14 wanatia bildi, yaani kamba ya kupimia kina: pima 20, kidogo tena pima 15. Nchi iko karibu, lakini miamba nayo! Wakatupa nanga 4 za tezi, chombo kisiendelee kusukumwa gizani, wakaomba kukuche.

Hapo ndipo mabaharia wakaanza kushusha mashua, ati wanakwenda kutupa nanga za omo. Uongo uliovaa nguo za kazi. Na Paulo alikuwa ameshaambiwa na malaika kwamba hakuna atakayepotea. Mimi ningesema, waacheni waende, Mungu yupo. Paulo hakusema hivyo. Alimwonya akida kwamba jamaa hawa wakiondoka, waliobaki hawatapona.

Ahadi ilikuwa ya Mungu, lakini asubuhi alitakiwa mtu wa kuziacha nanga, kulegeza kamba za usukani na kutweka tanga la mbele (mst. 40). Askari hawakuzoea kazi hiyo. Paulo mwenyewe alikuwa mshona mahema.

Niseme wazi, wapendwa. Kuna baba anaaga kwamba anakwenda Nairobi au Ghuba kutafuta riziki, na baada ya miezi miwili simu haipatikani. Wako wanaotafuta kweli na kutuma kidogo walichopata, hao siwasemi. Namsema aliyeshusha mashua. Mama amebaki na kodi, karo na watoto, halafu sisi tunamwambia, "Dada, omba tu." Tuombe naye, ndiyo, lakini nani anafua maji pale nyumbani?

Kwa vikundi vya nyumbani, Jumatano:
Someni mstari wa 32. Askari walikata kamba, mashua ikaenda zake, na hata wao hawakubaki na njia nyingine ya kutoka. Wewe umefunga mashua gani ubavuni mwa nyumba yako?
Mistari ya 33–38: kwa nini Paulo aliwasihi wale kwanza, ndipo ngano ikatoswa? Na katika kikundi chenu, ni nyumba gani haijala wiki hii?