Kuhamisha mashine pepe kutoka VMware kwenda KVM

Tuseme ofisi ndogo mtaani Katoyi, hapa Goma, ina programu ya hesabu ndani ya mashine pepe ya VMware yenye Windows, na mwenye ofisi anataka kuhamia Linux. Sababu anayo: Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023 na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. KVM imo ndani ya kerneli ya Linux tangu 2007, wala hailipiwi.

Watu huhangaika na diski wakasahau faili la mipangilio. Lile lenye mwisho wa `.vmx` ni maandishi matupu. Lifungue kwa `less` ulisome kabla ya kugusa chochote. Andika pembeni mistari minne: `memsize`, `numvcpus`, `firmware` na `ethernet0.generatedAddress`.

Kumbukumbu ndiyo mtego wa kwanza. VMware huhesabu kwa megabaiti, lakini XML ya libvirt (msimamizi wa mashine za KVM), usipoitajia kipimo, huhesabu kwa KiB. Ukinakili 2048 kama ilivyo, unaipa Windows megabaiti mbili. Andika hivi:

`<memory unit='MiB'>2048</memory>`

Kama `firmware` ni `efi`, mashine mpya nayo iwe ya UEFI, la sivyo haitawaka kutoka kwenye diski yake. Anwani ya MAC ihamishe herufi kwa herufi, kwa sababu baadhi ya programu hufunga leseni yake humo. Mashine ya Linux, hata ukiihifadhia MAC, inaweza kubadili jina la kadi ya mtandao, mathalani kutoka `ens33` kwenda `enp1s0`. Angalia mipangilio ya ndani ikiwa mtandao umekataa.

Miongozo ya zamani inataja `virt-convert`. Usiitafute, iliondolewa kwenye virt-manager 3.0.0 mwaka 2020. Siku hizi kazi hiyo ni ya `virt-v2v`:

`virt-v2v -i vmx hesabu.vmx -o local -os /srv/mashine`

Inakutolea XML na diski iliyogeuzwa, na faili za asili haizigusi. Kwanza futa snapshoti zote ndani ya VMware ili diski iwe moja. Kisha izime Windows kikamilifu kwa `shutdown /s /t 0`. Ikizimwa kwa ule mtindo wake wa kuwaka haraka, diski hubaki nusu usingizini na `virt-v2v` huikataa.

Ukipenda kuandika XML mwenyewe (mimi hupendelea hivyo kwa mashine moja au mbili), diski igeuze peke yake:

`qemu-img convert -p -O qcow2 hesabu.vmdk hesabu.muda && mv hesabu.muda hesabu.qcow2`

Jina la muda lina kazi yake. Umeme ukikatika katikati, `qemu-img` haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Na bila jina hilo faili lililokatika utalidhania zima. Chaji betri kwanza. Ukikuta vipande vingi vya `-s001.vmdk`, `-s002.vmdk`, iambie `qemu-img` lile faili dogo lisilo na namba: ndilo lenye orodha ya vipande. Katika XML anza na `bus='sata'`, kwani Windows isiyo na draiva za virtio itakuonyesha skrini ya buluu.

Kama KVM iko kwenye kompyuta nyingine, kutuma diski ya gigabaiti ishirini kwa mega za simu ni kuchoma pesa, flashi inatosha. Ila flashi ya FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti nne. Iformati kwa exFAT, au kata faili kwa `split -b 3G` na uliunganishe kwa `cat` upande wa pili, ukilinganisha `sha256sum` za pande zote mbili.

Hakiki kwa `virt-xml-validate hesabu.xml`, kisha `virsh define hesabu.xml` na `virsh start hesabu`. Ile ya VMware iache imezimwa: zote mbili zina MAC ileile, na zikiwaka pamoja kwenye mtandao mmoja, pakiti za moja zitaangukia kwa nyingine.