SOMO: MAFUTA YA NGOZI NA MAZIWA YA MAMA

Ijulikane ya kuwa katika Sura ya Baqara, aya ya 233, umetajwa muda wa kunyonyesha, na papo hapo baba akawajibishwa chakula na mavazi ya mama. Basi mume amnunuliaye mafuta mkewe anyonyeshaye, huwanunulia watu wawili.

La kwanza la kuepukwa ni krimu na sabuni za kujichubua, pamoja na mkorogo. Baadhi yake hutiwa zebaki. Zebaki hupenya ngozi ikaingia damuni, ikadhuru figo za mama, na sehemu yake hutoka katika maziwa. Tena mabaki yake hukaa mikononi na katika mataulo, mtoto akayapata hata bila ya kunyonya. Na ubongo wake ungali wakua. Nyingine hutiwa haidrokwinoni, nayo hupenya ngozi kwa wingi. Bora iachwe mpaka mtoto aachishwe ziwa.

Mwaka 2013 mataifa yalifunga Mkataba wa Minamata, ukakataza vipodozi vya zebaki, lakini vingali vyauzwa. Dalili zake ni tatu:

1. Chombo hakikuandikwa vilivyomo wala mtengenezaji.
2. Pameandikwa Hg, mercury, calomel au mercurous chloride.
3. Mna onyo krimu isiguse dhahabu wala fedha. Kwani zebaki huzila.

La pili ni wanja. Upo wanja wa manga uliosagwa katika jiwe lenye risasi. Mama hufuta jicho, kisha mtoto huunyonya mkono ule. Wala usitiwe machoni mwa mtoto, kwani risasi hudhuru akili yake.

Yafaayo ni mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mafuta safi ya nazi, na gliserini. Hata hayo yasipakwe kwenye chuchu mtoto akayameza.

Na mwanamke aliyekwisha kutumia krimu ya zebaki aiache mara moja, anawe, kisha aende kwa tabibu apimwe mkojo. Asimkatize mtoto ziwa kabla ya kusikia neno la tabibu, kwani maziwa ya mama yana manufaa makubwa.

Mwisho, wako wake wajichubuao kwa kuwa wamewasikia waume zao wakisifu weupe. Mume wa namna hiyo asiseme, "Mimi sikununua." Na autengeneze ulimi wake kwanza, kisha ndipo aikague kabati ya mkewe.