Jiko la mkaa lisilale chumbani na watoto

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimezaliwa na kukulia Tanga, na mwaka huu nimehamishiwa Makete. Nimekuja na wanangu wawili, mkubwa ana miaka mitatu na mdogo ana miezi saba. Baba yao amebaki Tanga kikazi. Tangu mwezi wa sita uanze, baridi imenishinda. Watoto mafua hayawaachi, wanakohoa usiku kucha, na majirani wananiambia nisipowapasha moto watapata kichomi. Kwa hiyo kila usiku naingiza jiko la mkaa chumbani, ila nasubiri mkaa ukolee kabisa, usiwe na moshi hata kidogo. Asubuhi naamka kichwa kinauma. Mimi mwenyewe nimechoka, nalia bila sababu, hata kuoga naona ni kazi. Je, ni baridi tu, nitazoea? Na watoto niwakinge vipi?
Mama Mwalimu, Makete

JIBU: Mama Mwalimu, umeuliza kuhusu watoto, lakini kilichonishtua ni hicho kichwa chako cha asubuhi. Kabla hujalimaliza hili jibu, naomba tukubaliane jambo moja: kuanzia usiku wa leo jiko lisiingie chumbani mnamolala, hata kwa nusu saa, hata mkaa uwe mwekundu kiasi gani.

Watu wengi wanauamini mkaa uliokolea kwa sababu hauna moshi. Moshi una heri yake: unakuwasha macho, ukakohoa, ukatoka nje. Mkaa unaoungua katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, nayo haina rangi, haina harufu, haiwashi popote. Ikishaingia kwenye mapafu hung'ang'ania hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inaendelea kuzunguka mwilini, lakini haibebi kinachotakiwa. Ubongo ndio wa kwanza kulalamika: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Gesi ikizidi, aliyelala hapati hata hizo dalili za kumwamsha. Mtoto wa miezi saba anapumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo anavuta sumu nyingi zaidi kwa kadiri ya mwili wake, na hawezi kukuambia kwamba kichwa kinamuuma.

Najua watakuambia uweke bakuli la maji karibu na jiko, au uache dirisha wazi kidogo. Maji hayaizuii gesi hii, na upenyo wa dirisha hautoshi kuiaminia roho tatu. Na ikitokea popote, kwako au kwa jirani, mtu akakutwa chumbani amelegea na jiko liko ndani, fungua milango, mtoeni nje haraka, kisha hospitali moja kwa moja akapewe oksijeni. Msipoteze muda kumnywesha maziwa. Sumu hii haiko tumboni, na aliyelegea anaweza kupaliwa.

Sasa mlale vipi? Jioni washa jiko lako nje au jikoni penye hewa ya kutosha, upike, na mwisho uchemshe maji. Yakipoa kidogo, yajaze kwenye chupa ya mpira ya maji ya moto, ifunge vizuri, izungushie kanga, kisha iweke chini ya blanketi kitandani kama nusu saa. Mtoto anapoingia kulala, chupa inatoka, maana ngozi yake huungua kwa joto ambalo wewe unaliona la kawaida. Mvalishe nguo kadhaa nyepesi zilizopandana badala ya sweta moja zito. Hewa inayobaki kati ya nguo na nguo ndiyo inayohifadhi joto. Mdogo alale chali, blanketi liishie kifuani, lisimfikie usoni. Kujua kama ana baridi, usishike vidole vyake, hivyo huwa vya baridi hata akiwa mzima. Gusa kifua au shingo kwa nyuma. Pakiwa na joto, yuko salama, na pakiwa na jasho, umezidisha.

Nyumba nyingi za walimu hazina dari, na baridi yote ya usiku hushuka kutoka kwenye bati. Turubai au shuka nene lililofungwa chini ya kenchi hupunguza baridi kwa kiasi utakachokihisi siku hiyo hiyo. Ziba kwa kitambaa nafasi iliyo chini ya mlango usiku, maadamu ndani hakuna moto wowote unaowaka, na mchana fungua madirisha yote.

Hapo kwenye madirisha ndipo ninapotofautiana na majirani zako, ingawa wanakutakia mema. Baridi haizai kichomi. Kichomi, yaani nimonia, huletwa na vijidudu, virusi au bakteria, ambavyo hutoka kwa mtu hadi mtu kwa njia ya kikohozi, chafya na mikono. Kipupwe kinachofanya ni kutusukuma sote ndani: watu watano chumba kimoja, madirisha yamefungwa kutwa, na mara nyingi kuni zinawaka humo humo. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani unakaribia kuongeza mara mbili uwezekano wa mtoto mdogo kupata nimonia. Kwa hiyo moto tunaouwasha kumkinga mtoto na kichomi unaweza kuwa ndio unaomfungulia kichomi mlango. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu anayeuwasha daima ni mama anayejaribu kufanya jambo jema.

Fungua kadi ya kliniki ya kila mtoto, utazame chanjo za Penta na PCV. PCV inamkinga mtoto na bakteria wanaosababisha sehemu kubwa ya nimonia kali. Wakati wa kuhama mkoa ni rahisi dozi moja kusahaulika. Ikiwa imesahaulika, nenda zahanati ya karibu hata kama siku zimepita, utaelekezwa.

Ama kikohozi chenyewe, mtoto wa umri huu anaweza kupata mafua mara sita au nane kwa mwaka na asiwe na tatizo lolote kubwa. Kikohozi cha mafua huweza kuendelea hadi wiki mbili. Anaponyonya au kula, anacheza na anapumua vizuri, anachohitaji ni maziwa yako, maji au uji wa vuguvugu kwa mkubwa, na pua iliyosafishwa. Antibayotiki za duka la dawa haziui virusi vya mafua. Asali kijiko kidogo kabla ya kulala inamtuliza mkubwa, lakini mdogo asiionje kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa asali inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza mtoto mchanga hadi kushindwa kupumua. Yale mafuta makali ya kuchua yenye kafuri na mentholi usimpake mdogo wala usimwekee karibu na pua.

Jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue tumbo, shika simu yenye saa, uhesabu tumbo linavyopanda kwa dakika nzima. Nusu dakika ukazidisha mara mbili haitoshi, watoto hupumua bila mpangilio. Huyo wa miezi saba akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, na huyo wa miaka mitatu akifikisha 40 au zaidi, huku anakohoa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri kuhesabu chochote ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri. Huyo ni wa hospitali sasa hivi, iwe saa nane ya usiku. Nimonia ikiwahiwa, dawa yake ya kwanza ni amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha, na watoto walio wengi hupona.

Chakula usikipuuze kwa sababu ya mafua. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta takribani nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani kwenu Njombe wamedumaa, katika mkoa unaolisha miji ya nchi hii kwa viazi, mahindi na parachichi. Chakula kipo, ila kina mama wako shambani au kazini tangu alfajiri na mtoto anashindia uji mwepesi. Wa kwako wa miezi saba aendelee kunyonya, na mara mbili tatu kwa siku apate uji mzito wenye maziwa au unga wa dagaa, parachichi lililopondwa, yai, maharage yaliyochujwa. Unapokwenda kufundisha, unaweza kumwachia maziwa uliyokamua. Katika chumba cha baridi yanakaa salama kwa muda wa saa nne. Na ujue kwamba sheria ya kazi ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Mweleze mwalimu mkuu wako bila kuona haya.

Ngozi zao zikikauka na kupasuka, punguza kuwaogesha. Mara tatu kwa wiki zinatosha huku kwenye baridi, kwa maji ya vuguvugu, haraka, na mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu.

Sasa wewe. Kwenye barua yako umejiweka mwisho, tena kwa sentensi moja.

Uchovu na kichwa vinaweza kuwa vimetokana na jiko. Likitoka chumbani, kichwa cha asubuhi kinapaswa kupungua ndani ya siku chache. Kisipopungua, nenda ukapimwe. Lakini hata kikiisha, nenda zahanati ukapime wingi wa damu, kwa sababu mama aliyejifungua miezi saba iliyopita na bado ananyonyesha anaweza kuwa na upungufu wa damu, na huo humfanya mtu aone hata kuoga ni mlima. Kama unasikia baridi kuliko wenzako wote, nywele zinakatika na choo kimekuwa kigumu, mwambie daktari akuangalie na tezi ya shingo. Tezi hiyo huweza kuyumba ndani ya mwaka baada ya kujifungua, na nyanda za juu kusini zina historia ndefu ya rovu, hivyo chumvi yako iwe ile yenye madini joto.

Kisha hicho kilio. Umesema hakina sababu, mimi naona sababu zake. Umetoka pwani ukaingia mahali usipojua mtu, mwenzio yuko mbali, usiku unaamka kunyonyesha, asubuhi unasimama mbele ya darasa. Mtu yeyote angechoka. Lakini ikiwa hali hii imezidi wiki mbili, ikiwa hakuna kinachokufurahisha tena, usingizi hauji hata watoto wanapolala, au unajiona mama usiyefaa, hiyo inaweza kuwa sonona, na baada ya kujifungua huweza kuanza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza. Si uvivu, si kukosa imani, wala si mtu wa pwani kushindwa na milima. Ina tiba ya mazungumzo, na zipo dawa ambazo mama anazitumia huku ananyonyesha. Ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu uliye naye karibu saa hiyo hiyo, akusindikize hospitali siku hiyo.

Umeuliza kama utazoea. Baridi, ndiyo, kwa kiasi kikubwa, ukishapata mavazi na nyumba iliyozibwa. Na Makete ina neema ambayo wenzetu walio Ulaya hawana wakati wa baridi: hata mwezi Juni mchana una zaidi ya saa 11 za mwanga, na kipupwe ni kiangazi, ukungu wa asubuhi ukishaondoka jua linatoka. Saa sita au saa saba mchana, anika magodoro na mablanketi, kaa nje na watoto, unywe chai au maji ya moto. Kwenye baridi kiu haiji, na mama anayenyonyesha anakauka bila kujua. Jipatie pia mama mmoja pale mtaani wa kukaa naye hapo juani. Wanawake wa Kikinga wamelea watoto kwenye baridi hii vizazi na vizazi. Pamoja na hilo la jiko tusilokubaliana, wana mengi ya kukufundisha, na mmoja wao akikubebea mtoto kwa saa moja ulale, umepata dawa ambayo mimi siwezi kukuandikia.

Baba wa watoto naye, huko Tanga, naomba umsomee jibu hili kwenye simu. Shemeji, mablanketi mazito mawili, turubai na chupa ya maji ya moto vinafika Makete kwa basi. Omba ruhusa uje mwezi wa saba, wakati baridi bado kali, uamke wewe usiku mtoto anapolia baada ya kunyonya, na uongozane na mkeo zahanati. Na kila jioni unapopiga simu, usianze na watoto. Anza na yeye.